Ijumaa Mulwa Alipoitika

Mtoto tuliyemzika mwezi wa nane aliitwa jina lake Ijumaa ya kwanza ya muhula wa tatu.

Akaitika.

Nilikuwa pale. Nilisikia kwa masikio yangu, na mimi si mtu wa maono. Nina diploma ya ununuzi na ugavi, na ninasimamia stoo ya kiwanda kimoja mtaa wa Baba Dogo, Nairobi. Kitu kikipotea stoo sisemi ni mapepo. Natafuta aliyekibeba.

Kwa hivyo mnaosema nimetunga, ngojeni nimalize.

Shule yetu iko Lucky Summer. Ni ndogo, ya kanisa, kuta za mawe mpaka kiunoni na mabati kuanzia hapo. Kila Ijumaa asubuhi kuna ibada ya wazazi na watoto kwenye chapeli. Watoto hukaa mbele, wazazi nyuma, na kabla ya mahubiri kila mwalimu huita majina ya darasa lake.

Mtoto huitika "Nipo."

Kama mtoto hayupo, mzazi husimama kumjibia. Husema mtoto yuko wapi na ana nini. Jina lisipojibiwa kabisa, mzazi hupigiwa simu afike kwa Mchungaji Nzivo, mkuu wa shule. Na kwa Mchungaji Nzivo ukiingia asubuhi unatoka watu wakila chakula cha mchana.

Basi Ijumaa hiyo nilipita kabla ya kazi kumjibia binti yangu Ndinda. Alikuwa nyumbani, amejaa tetekuwanga mpaka kwenye nyayo.

Benchi la mwisho alikuwa ameketi Mama Mulwa. Mwanawe Mulwa alikuwa Gredi ya Tatu na Ndinda wangu, walikaa dawati moja. Likizo ya Agosti alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alianza na kichwa, wiki haikuisha. Tukamzika kwao kijijini, Mwingi. Siku hiyo mama yake alikuwa amekuja kushukuru shule kwa kusimama naye.

Mwalimu wa Gredi ya Tatu alikuwa mgeni, kijana mmoja mpole anayeitwa Mwalimu Shitanda. Ndiyo ilikuwa wiki yake ya kwanza na hakuna aliyemwambia lolote.

"Eve."

"Nipo."

"Mulwa."

Chapeli ikanyamaza mpaka ukasikia mabati yakijinyoosha kwa jua. Sikuthubutu kugeuka kumtazama mama yake.

"Nipo."

Sauti ya mvulana. Nyembamba, ya haraka, kama ya mtu aliyekimbia na kufika mlangoni dakika hiyo.

Mwalimu Shitanda hakujua chochote, akaendelea. "Ndinda."

Nilisimama. "Yuko nyumbani, mwalimu. Anaumwa tetekuwanga."

Nikakaa. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alikuwa amenishika mkono na kucha zimeingia.

Wikendi hiyo kundi la wazazi la WhatsApp liliwaka moto. Mama Eve ndiye aliyelichochea. Mama Eve ana sauti ya kuuza samaki, ingawa hajawahi kuuza samaki.

"Hiyo ni roho ya mauti imeingia shule," alituma ujumbe wa sauti. "Watoto wetu watakwisha mmoja mmoja. Mimi nimesema."

Mimi nikaandika: "Ni mtoto fulani anacheza. Mtafuteni."

"Mama Ndinda, wewe hata Yesu akirudi utamdai risiti."

Nikaacha.

Ijumaa iliyofuata Ndinda alikuwa amepona, amerudi. Mwalimu Shitanda sasa alikuwa ameambiwa, maskini, na alikuwa amekonda kwa wiki moja. Jina la Mulwa hakuliita. Lakini baada ya kumwita Eve alisita.

Kwenye ule mwanya, sauti ikaja.

"Nipo."

Watoto wakaanza kulia. Mchungaji Nzivo akapaka mafuta milango yote, tukafunga chakula, tukakesha kwa maombi kila mtu kwake. Ijumaa nyingine ikafika. Mwalimu akasita, maana hata angejikaza vipi alisita.

"Nipo."

Wazazi wawili wakahamisha watoto. Eve akaanza kukojoa kitandani.

Na jambo lililowatisha watu kuliko sauti yenyewe ni Mama Mulwa. Hakuwa na mtoto mwingine shuleni, lakini sasa alikuja kila Ijumaa. Aliketi benchi la mwisho, akafumba macho, akangoja. Sauti ikishaitika, alichukua mkoba wake na kutoka bila kuaga mtu.

"Ni yeye anamwita," Mama Eve alisema kwenye mkutano wa wazazi. "Mama asipomwachilia mtoto, mtoto atakwenda wapi? Atazunguka tu hapa kwetu."

Ikapitishwa kwamba Mama Mulwa aambiwe asije tena.

"Nani atamwambia?"

Wote wakanigeukia. Mimi ni mwenyekiti wa wazazi wa Gredi ya Tatu, na si kwa upole wangu.

"Mama Ndinda huna aibu," Mama Eve akasema. "Enda wewe."

"Aibu sina, ni kweli. Lakini nipeni Ijumaa moja kwanza."

Nilikuwa nimewaza jambo dogo tu. Wazazi hukaa nyuma ya watoto. Tangu mambo haya yaanze, sisi wote tulikuwa tumeona visogo. Mwalimu naye alikuwa anatazama sakafu. Hakuna mtu aliyekuwa ameangalia midomo.

Ijumaa hiyo sikuketi. Nilikwenda mbele, nikasimama kando ya ngoma za kwaya, nikawaelekea watoto.

"Eve."

"Nipo."

Mwalimu akasita.

Ndinda wangu akainamisha kidevu mpaka kifuani. Nikaona koo lake likikaza. Nikaona midomo yake.

"Nipo," akasema, kwa sauti ya mvulana aliyekufa.

Pepo likiwa la mtoto wa jirani ni habari ya kusimulia. Likiwa kwenye mdomo wa mtoto uliyemnyonyesha, hata jina la Yesu linakwama kooni. Sikumwambia mtu.

Jioni nilimweka jikoni tumenye viazi pamoja, maana Ndinda huongea vizuri mikono ikiwa na kazi.

"Ndinda. Ni wewe unamjibia Mulwa?"

"Ndiyo."

Hivyo tu. Kama nimemuuliza kama amepiga mswaki.

"Kwa nini?"

"Si huwa anachelewa Ijumaa. Mama yake huenda soko la Gikomba mapema sana kwa sababu ndiyo siku wanafungua mtumba wa viatu, kwa hivyo Mulwa anajivalisha mwenyewe. Na asipoitika, mama yake ataitwa kwa Mchungaji na hatauza. Kwa hivyo mimi namjibia mpaka afike. Tulikubaliana."

"Tangu lini?"

"Tangu Gredi ya Pili. Mwalimu wa zamani hakuwahi kujua." Akatabasamu kidogo. "Mimi naiga Mulwa vizuri."

Kisu kikanigandia mkononi.

"Lakini Ndinda, Mulwa..."

"Amesafiri. Mchungaji alituambia. Na wewe uliniambia. Mtu akisafiri si anarudi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Tulipopanga mazishi, wazazi na walimu tulikubaliana kauli moja ya kuwaambia watoto wa darasa lake: Mulwa amesafiri kwenda kwa Yesu. Neno kufa lisitajwe. Mwingi wasipelekwe. Tukajiona watu wenye busara.

Na mtoto wangu akaendelea kumwekea rafiki yake nafasi.

Nikaweka kisu chini.

"Ndinda, niangalie. Mulwa alikufa. Aliugua, madaktari wakashindwa, akafa. Tulimzika kwao Mwingi, mimi nilikuwepo. Hatarudi shule."

Alimenya kiazi chake mpaka kikabaki kama gololi.

"Kwa hivyo amechelewa kabisa?"

"Kabisa, mama."

Akalia kilio alichostahili kulia mwezi wa nane. Nilimshika pale sakafuni, maganda ya viazi yametuzunguka, mpaka akalala.

Jumamosi nikashuka Gikomba. Mama Mulwa alikuwa amepiga magoti kwenye rundo la viatu vya watoto, anatafuta cha kulia apate kukioanisha na cha kushoto. Hakuinua kichwa.

"Umetumwa," akasema.

"Nimetumwa. Lakini sikuja na hilo. Mama Mulwa, ile sauti ni Ndinda wangu."

"Najua."

"Unajua?"

"Dada, yule mtoto nilimzaa mimi. Nitadanganywa na msichana anayekaza koo? Ile ya Ndinda naijua." Akapangusa kiatu kwa kanga. "Na ile nyingine naijua."

Sikumuuliza nyingine ipi. Nikaona ni maneno ya msiba, na ya msiba huachwa yapite.

"Sasa kama unajua ni Ndinda, mbona unakuja?"

"Kwa sababu kuna mtu mmoja huko shuleni ambaye bado anamtaja. Nyinyi wengine mkiniona barabarani mnakumbuka mlisahau kitu upande ule mwingine."

Nikachutama, nikaanza kumsaidia kutafuta viatu vya kulia.

"Nimemwambia Ndinda ukweli," nikasema baadaye. "Hatamjibia tena."

Akaweka chini kiatu alichoshika.

"Basi nitamjibia mimi. Hiyo sheria ni ya wazazi wote, ama ni ya wenye watoto hai?"

"Ni ya wote. Na ole wake atakayekuzuia."

Ijumaa ikafika. Mama Eve alinivamia mlangoni.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Na bado amekuja?"

"Kaa chini, Mama Eve."

Nilikuwa nimeongea na Mwalimu Shitanda. Nilimwambia aite jina, alitamke kama majina mengine. Akaliita.

"Mulwa."

Ndinda alikuwa ameshika benchi kwa mikono miwili, midomo imefungwa. Hakuna aliyeitika.

Mama Mulwa akasimama. Nilishangaa, kwa sababu hakumtazama mwalimu. Aligeuka, akautazama mlango wa nyuma, ule ambao watoto wanaochelewa huingilia.

"Mulwa hayupo," akasema. "Mulwa, ulikufa, mwanangu. Ulikufa mwezi wa nane. Mimi ni mama yako, nipo."

Watu wazima walilia kama watoto, na watoto walilia kama watu wazima, kimya kimya. Mama Eve, huyo huyo, akasogea kwenye benchi lake kumpa nafasi, akamfunika mabega kwa kanga yake.

"Ndinda," mwalimu akaita, sauti imemwisha.

"Nipo." Sauti yake mwenyewe.

Mimi nikapumua. Kitu kimepotea stoo, aliyekibeba amepatikana, faili limefungwa.

Tukitembea kwenda nyumbani jioni, Ndinda akanivuta mkono.

"Mama, yule aliyenisaidia ni nani?"

"Kukusaidia nini?"

"Ile Ijumaa ya kwanza. Niliporudi, Eve aliniambia Mulwa aliitwa na akaitika. Nikajua kuna mtu ameniona sipo, akamjibia. Nataka kumwambia asante."

Nilisimama katikati ya barabara. Mtu wa bodaboda akanipigia honi na kunitukana mimi na ukoo wangu.

Ijumaa ya kwanza Ndinda alikuwa kitandani, amepakwa dawa ya rangi ya waridi mwili mzima. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimama kumjibia. Nilikuwa nimelijua hilo siku zote na nikaliruka, kwa furaha ya kupata maelezo.

Niliuliza kila mtoto wa darasa lile, mmoja mmoja, na mandazi mkononi. Watoto hao kwa andazi husema hata dhambi za baba zao. Hakuna aliyeitika. Wote waliniambia jambo moja: sauti ilitoka nyuma yao.

Na nyuma yao tulikuwa wazazi tu. Na mlango.

Nikampigia Mama Mulwa.

"Uliniambia kuna ile nyingine."

Nikasikia soko nyuma yake.

"Sasa umeuliza," akasema. "Ile ya kwanza, dada. Alikuwa anahema. Uliisikia? Alikuwa amekimbia."

"Niliisikia."

"Hospitalini aliniuliza, mama, nitakufa? Nikamwambia wacha mchezo, shule ikifunguliwa, Ijumaa utakuwa chapeli. Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia." Akavuta pumzi. "Mlisahau kumwambia Ndinda. Na mimi nilisahau kumwambia Mulwa mwenyewe."

Sijui niseme nini kuhusu hilo. Mimi ni mtu wa stoo. Ninachojua ni kwamba tangu Mama Mulwa auambie ule mlango ukweli, sauti haijarudi.

Kwa hivyo, mzazi unayesoma hapa, ukifiwa na mtu wa karibu na mtoto wako, tumia neno lenyewe. Usimwambie amesafiri. Usimwambie amelala. Mwambie amekufa, kisha ukae naye sakafuni alie. Na mgonjwa wako akikuuliza swali gumu, usimpe ahadi ya Ijumaa.

Mama Mulwa bado huja. Sasa huketi kati yangu na Mama Eve, na Mama Eve humnunulia chai.

Jina la Mulwa haliitwi tena. Lakini Mwalimu Shitanda akishamwita Eve, bado husita kidogo kabla ya Ndinda, na sisi wazazi wote, bila kuambiana, hugeuka kutazama mlango.