Kicheko cha Saluni

Miaka ile nilikuwa naangalia kompyuta moja kuukuu ya intaneti pale Mabibo, inayotumia laini ya simu. Kila asubuhi mtandao ulikatika katikati ya barua pepe ya mteja, hadi tajiri wangu akaniambia, "Ikikatika tena, kesho usije."

Nikabadili waya, nikafuta vumbi, wapi! Ndipo nikagundua kwamba kila ukikatika, baada ya dakika moja dada wa saluni ya jirani anaangua kicheko. Kumbe tajiri alimvutia simu kutoka laini ileile, na kila akiinyanyua kupiga umbea, mtandao wangu unakatika. Na dada huyohuyo ndiye aliyekuwaga akinichungulia dirishani: "Sanduku lako limekufa tena, profesa?"

Nikasubiri umbea umnogee, nikaiamrisha kompyuta ipige simu. Milio yote ya kuunga mtandao ikampasukia sikioni. Akatoka mbio, rola kichwani.

"Mdogo wangu, simu imeingia jini!"

Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

"Pole, dada. Huyo anakaa humo asubuhi. Usiinyanyue mpaka adhana ya adhuhuri."

Mtandao ukatulia, kazi nikabaki nayo, na kila asubuhi nikawa nampitia pale mlangoni kwa heshima zote: "Jini hajambo, dada?"