Bisibisi Kati ya Meno

Pikipiki ya Marcellin naijua kwa sauti. Kwa hiyo iliposimama nje ya ghala la bandarini ninakofanya kazi ya ukarani, asubuhi ya Jumanne moja ya Machi 1971, niliinua kichwa kabla sijamwona mwenyewe. Hakuwa na desturi ya kuja kazini kwangu. Alivua kofia mlangoni.

"Jumaine," alisema, "kaka yako ameanguka kwa gereji. Nimefika, nimemushika mukono, lakini ilikuwa imeisha."

Nilisema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikafunga daftari, nikapanda nyuma yake. Njia nzima mpaka mtaani kwetu Buyenzi injini ile ilikwenda laini, bila kugonga hata mara moja. Ulaini huo ulikuwa kazi ya kaka yangu Chabani, nayo ndiyo nataka kuieleza.

Chabani alijifunza ufundi kwa Mgiriki mmoja enzi za Wabelgiji, kisha akafungua gereji yake uani kwetu. Hakusoma sana, mimi ndiye niliyepelekwa sekondari. Lakini mbele ya injini hakukuwa na wa kumfundisha kitu. Alikuwa akiiacha iungurume, anagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, na mpini wake anauuma kwa meno. Macho amefumba. Alisema mtikisiko wa sauti unapita kwenye meno na kuingia kichwani, na sikio tupu husikia kelele tu. Jino lake moja la mbele lilikuwa limemeguka kwa sababu hiyo, na watu wa mtaani walimtambua kwalo.

Marcellin Cirimwami aliletwa kwetu na shida Ramadhani ya mwaka 1966. Alikuwa muuguzi, Mkristo kutoka Bukavu, na hakuwa amekaa mjini hata miezi mitatu. Zahanati moja ya milimani ilikuwa imemkubali kazi, kwa sharti moja: awe na usafiri wake, na aanze Jumatatu. Pikipiki alikuwa nayo, lakini ilikuwa inagonga, ko, ko, ko, kila alipotia gesi. Fundi mwingine alikuwa ameshamwambia injini imekufa, auze vyuma. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kaka yangu aliinama, akasikiliza kwa sikio. Bisibisi haikutoka mfukoni. Alikuwa amefunga, na kwa hesabu yake mpini ule wenye ladha ya mafuta haukuwa kitu cha kuingia mdomoni mchana wa Ramadhani. Hakuna sheikh aliyemwambia hivyo, hakuwahi kuuliza. Baada ya dakika chache alisimama, akatangaza mbele ya wote waliokuwepo kwamba ni mkono wa pistoni, umelegea chini. Marcellin alikaa kwenye tairi bovu, akashika kichwa.

Ijumaa baada ya sala injini ilifunguliwa. Chabani aliushika ule mkono, akauvuta juu, akausukuma chini. Haukucheza hata kidogo. Pistoni nzima, silinda haina mkwaruzo. Hapo kila mtu aliona kwamba alikuwa amekosea. Muhanna, mwenye duka la vipuri ng'ambo ya barabara, alikuwa ameegemea mlango wetu.

"Mwaka huu," alisema, "fundi amefunga mpaka masikio."

Watu walicheka. Kaka yangu naye alicheka kidogo, kisha akafuta mikono na kumgeukia Marcellin.

"Nimekosea," alisema. "Mi nilikuambia kitu sijakisikia vizuri. Nakifunga chuma chako leo. Jua likitua, rudi."

Nilimwona akiunganisha kila kipande mwenyewe, bila kula, bila kunywa, mpaka jasho likaacha mistari kwenye vumbi la shingo yake. Adhana ya magharibi ilipolia, Marcellin alikuwa ameshafika. Shemeji Radhia alileta tende na maji. Kaka alikula tende moja, akanywa, akasukutua, akatoa bisibisi.

Injini iliwashwa. Aliigusa juu ya silinda, akatikisa kichwa. Aliigusa chini, akatikisa tena. Kisha akahamia ubavuni, kwenye kifuniko cha kushoto, na mabega yake yakatulia. Alifungua kifuniko hicho. Ndani mna gurudumu dogo lenye sumaku, linalotoa moto wa kuwasha buji, yaani plagi. Nati inayolishika ilikuwa imelegea, na kila mzunguko gurudumu lilikuwa linapiga ekseli yake kama nyundo. Alikaza nati. Akawasha. Ile ko, ko ikawa imekwisha.

"Iko wapi injini iliyokufa?" alimuuliza Muhanna, aliyekuwa amerudi mlangoni. Muhanna alisema apana, yeye hakusema imekufa, alisema masikio tu. Tukaenda kusali.

Jumatatu Marcellin alipanda mlima. Mwalimu wetu wa msikitini, Mzee Thabit, alipopata habari alimweleza kaka kwamba kuuma mpini bila kumeza kitu hakufunguzi saumu. Chabani alimshukuru, lakini toka hapo kila Ramadhani aliwaambia wateja wenye injini za kugonga waje jua likishatua. Hakutaka tena kusema neno ambalo hakulisikia.

Siku ile ya Machi tulimwosha, tukamkafini. Shemeji Radhia alimuaga nyumbani, akamwombea, akarudi ndani na wanawake wenzake. Mimi niliangalia uso wa kaka mara ya mwisho. Midomo ilikuwa imefungwa, lile jino halikuonekana. Tulimsalia baada ya alasiri, tukambeba kwa miguu, tukipokezana. Marcellin aliiacha pikipiki uani kwetu, akafuata nyuma na kofia mkononi. Kaburini tulishuka mimi na Muhanna, tukamlaza kwa ubavu wa kulia, tukamwelekeza kibla. Watu walitia udongo. Mzee Thabit alimwita Marcellin asogee, naye akatia mara tatu, kama sisi. Tuliomba dua, tukarudi nyumbani.