Keki Isiyotaka Kishindo

Jumapili hii binti yangu aliniletea maelekezo ya keki kwenye simu yake: keki ya chokoleti na siagi ya karanga, rahisi, kila kitu bakuli moja. Tukachanganya unga, sukari, mayai, kakao na vijiko vya siagi ya karanga, tukaitia kwenye oveni ya fleti yetu hapa Upanga. Harufu ya karanga ilipoanza kupanda, nikasikia mtu anafoka: "Shh! Zima redio. Usibamize mlango." Mtu huyo nilikuwa mimi.

"Mama," binti yangu akacheka, "kwani keki ina masikio?"

Yeye nikamtuma akaoshe bakuli. Wewe nitakujibu, rafiki yangu, maana wewe angalau hutanikatiza.

Nililelewa na Bibi, mama wa mama yangu, Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba huku na huku, korido katikati na uani nyuma. Bibi alitoka Lindi akiwa msichana, akafanya kazi ya jikoni kwa familia moja ya Kihindi, na huko ndiko alikojifunza keki. Siagi ilikuwa ghali, basi akatumia akili za kwao. Alikaanga karanga, akazipepeta maganda, akazitwanga kwenye kinu mpaka zikatoa mafuta na kulainika, kisha akachanganya na kakao ya kopo. Oveni hakuwa nayo. Alikuwa na sufuria kubwa lenye mchanga, bati la keki ndani yake, na mfuniko ambao juu yake alipalia makaa. Keki ikitoka ilikuwa nyeusi, nzito, yenye chumvi kidogo, na pembeni imeungua kidogo. Naapa sijala tena keki ya namna ile.

Alioka kila Jumamosi alasiri, na alasiri hiyo ilikuwa na sheria. Keki ikishaingia motoni, nyumba nzima inyamaze. "Ikisikia kishindo inakaa," alisema, yaani inadidimia katikati. Fundi cherehani wa chumba cha mbele aliacha kukanyaga mashine yake. Jirani mwenye duka la jumla, mtu wa Kilimanjaro aliyependa kwaya kwa sauti ya juu, alizima redio. Watoto tulitembea kwa vidole. Hakuna aliyebisha, kwa sababu kila aliyenyamaza alipata kipande, na mdomo uliojaa keki haugombi.

Hebu fikiria, nyumba ya Kariakoo iko kimya mchana! Tulianza kusikia vitu ambavyo siku nyingine ni kama havikuwapo: vikombe vya muuza kahawa, mkokoteni ukikata kona, mbeba mizigo akipaza sauti, "Pisha! Pisha!" Kimya kile kilinitia hofu, na kilichonitia hofu zaidi ni kwamba Bibi hakuwa akiitazama keki. Alikaa kwenye kigoda, jiko likiwa mgongoni kwake na uso ameuelekeza koridoni, na mara nyingine makaa yalipoa juu ya mfuniko asijue.

Lazima nikwambie habari za mjomba. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Bibi, na alizamia meli kabla mimi sijapata akili. Alijificha ndani ya meli bandarini akaondoka bila kuaga, kama walivyofanya vijana wengi wa wakati ule. Sura yake siikumbuki. Nilisimuliwa tu kwamba aliipenda keki ile kuliko pilau, na kwamba alikuwa mvivu wa kunyanyua miguu, ndala zake utazisikia tangu mlangoni, kwaru, kwaru. Mtu mmoja alisema kamwona Durban. Mwingine alisema yuko Ugiriki. Wa tatu alisema wazamiaji wa meli ile walitoswa baharini, na huyo Bibi hakumkaribisha tena chai.

Jumamosi moja, keki ikiwa motoni, ndala zikasikika koridoni: kwaru, kwaru. Bibi akainuka ghafla, koleo la chuma likamponyoka, likaangukia sakafu ya saruji.

"Umekuja, baba?"

Akatokea mwanamume mgeni, begi begani. "Shikamoo, mama. Nimeambiwa hapa kuna chumba."

Bibi alimtazama mpaka yule mtu akaanza kuona haya. "Marahaba, mwanangu," akasema mwisho. "Vyumba vimejaa. Karibu keki."

Koleo lile lilitoa kishindo cha kuamsha mtaa, lakini keki ilitoka imeumuka vizuri tu. Niliitazama, nikamtazama Bibi, nikaelewa kuwa kimya chetu cha Jumamosi hakikuwa cha keki.

Mama yangu, aliyekuja kututembelea siku ile, naye alielewa, nadhani zamani kuliko mimi. Jioni ile akamwambia, kwa upole, "Mama, tumsomee hitima mwanao, apumzike."

"Apumzike na nini?" Bibi akamkata. "Nani kakwambia kachoka?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hitima haikusomwa, na keki ziliendelea. Wafanyabiashara walipoanza kununua nyumba za mtaa wetu na kupandisha maghorofa, wanawe wakamshawishi auze, wamjengee nyumba Mbagala, kwenye upepo mzuri. "Upepo nitaufanyia nini?" akasema. "Mwanangu anaujua mlango huu. Mwingine haujui." Alifia chumbani kwake. Arobaini ilipopita, nyumba ikauzwa, ikabomolewa.

Sasa pale pana ghorofa la maduka ya vitenge na mabegi. Mlinzi wake ananifahamu, nilishamwambia kuwa nimekulia pale. Ijumaa nilipokwenda Kariakoo kununua mahitaji ya nyumbani, akaniita.

"Mama, kuna mzee alikuja hapa juzi, anaulizia nyumba ya mama mmoja wa keki. Nikamwambia, mzee, hapa maduka tu. Akasimama weee, halafu akaondoka."

"Mzee gani? Yukoje?"

"Mzee tu, mama. Ila Kiswahili chake kama cha mtu aliyekaa nje sana."

"Hukumwuliza jina?"

"Aa, kulikuwa na mzigo unashushwa."

Huenda alikuwa mteja wa zamani. Nimejiambia hivyo tangu Ijumaa na bado silali vizuri. Nina huzuni, na nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Mlinzi simlaumu kwa kutouliza jina. Sisi tuliokuwa ndugu tulilijua, na siku ya arobaini ya Bibi, kwa kuwa hakuwapo tena wa kukataa, tulilitaja jina hilo pamoja na la Bibi, tukamsomea mjomba hitima, tukala na pilau yake.