Siku Tuliyokifua Kijito

Juzi nilimwona binti yangu akimwaga maji ya kufulia kwenye migomba, mbali na kijito, nikacheka peke yangu. Nilipokuwa na umri wake mimi sikuyajua hayo. Mchana mmoja, kwetu Soweto, Mbeya, mimi na dada yangu tulimsikia mama akilalamika kwamba kijito kimechafuka. Basi tukaamua kukifua. Tulimwaga sabuni yote ya unga, tukakoroga kwa miguu, povu likatufika magotini likinukia kama mashuka ya Jumapili. Tukaimba. Mara shangazi akapanda kutoka kule chini anakoteka maji, ndoo imefurika povu.

“Ninyi watoto, nani kayafua maji yangu ya kupikia?”

Tulinyoosha mikono sote wawili, tukisubiri kupongezwa.