Padre Aliyegawa Ruhusa Arobaini na Moja

Wanafunzi walimwita Padre Koma, kwa kuwa aliwahi kumkata mtoto alama sita kwa ajili ya koma moja. Dada yake mdogo, mshonaji wa sare za shule hiyohiyo, hakushangaa. Yeye alizoea kurudishiwa barua zake za salamu zikiwa zimesahihishwa kwa wino mwekundu.

Baba yao, seremala, alitaka mwana wa kushika randa, akapata wa kushika chaki na misale ya altareni. Kwa miaka kumi na tisa Padre alifundisha lugha na hesabu kwenye shule ile ya bweni, akiwa na kanzu mbili, viatu jozi moja, na marafiki wachache kuliko viatu. Ruhusa ya kutoka getini haikupatikana kwake. Ukiumwa jino, alikwambia utafunie upande wa pili.

Vita vilipokaribia, mji uligundua ghafla kwamba una wagonjwa wengi. Mapadre wawili walishikwa na maradhi yale yanayotibika nje ya nchi tu. Mkuu wa shule alikimbilia msiba wa shangazi yake ambaye, kwa kumbukumbu za dada mtu, alikuwa ameshazikwa miaka sita nyuma. Walimu wengine hawakusumbuka hata kutafuta sababu.

Jumatatu akaja kapteni, mpole kama bwana harusi anayekuja kuposa. Aliomba, kwa adabu zote, orodha ya vijana wa kidato cha tatu.

"Taifa linawahitaji, Padre. Ijumaa naleta malori."

"Wana mtihani."

"Na sisi tuna vita."

"Basi subirini zamu yenu."

Kapteni akacheka mpaka akashika mbavu. Mwenye bunduki huwa hana haraka ya kukasirika.

Kuanzia siku hiyo Padre aliandika vyeti vya ruhusa arobaini na kimoja. Vijana wakatoka wawili wawili, mchana kweupe, wenye meno, wenye macho, wenye bibi mahututi, wote wakishika njia ya mpakani. Daftari la mahudhurio akalitia kwenye jiko la dada yake, chai ikachemkia humo.

Alhamisi asubuhi dada mtu alikuwa ameshafunga mizigo.

"Kaka, twende."

"Wakikuta shule tupu, watawafuata vijana barabarani. Wakinikuta mimi, watakaa kunihoji. Na unajua sijui kujibu kwa kifupi."

"Utakufa kwa ubishi wako, mpumbavu wewe!"

"Nenda, mdogo wangu. Usisahau pasi yako ya mkaa, utailalamikia mpaka kiyama."

Akaenda, analia na kutukana, pasi mkononi.

Yaliyofuata alisimuliwa na mpishi wa shule, aliyelazimishwa kubaki awapikie askari. Walimfungia Padre kwenye stoo ya madawati, wakamhoji siku mbili. Kila walipomuuliza vijana wako wapi, alianzia muhula wa kwanza, mwanafunzi mmoja mmoja, na tabia zake. Jumapili asubuhi uvumilivu uliwaishia, wakampiga risasi nyuma ya maabara. Vijana walikuwa wameshavuka.

Amani ilipokuja, mashujaa waliongezeka. Mkuu wa shule alirudi na hotuba ya "siku ngumu tulizosimama pamoja". Kapteni alipata cheo na ofisi yenye zulia. Dada mtu, kwenye sherehe, alipewa kiti cha mbele na chupa ya maji.

Mwaka jana ofisi ya askofu ilimtuma mtu na fomu. Walitaka kuanza safari ya kumtangaza Padre kuwa mtakatifu. Swali la nane: je, marehemu alikuwa na mapungufu?

"Nafasi ni hiyo mistari miwili tu?" dada mtu akauliza.

Mgeni akatabasamu, kalamu ikangoja. Mama wa watu akaivuta fomu karibu, akaitazama ile mistari miwili.

"Neno langu la mwisho kwake lilikuwa tusi," akasema. "Andika hilo. Yeye alikuwa ananikumbusha pasi."

Mgeni akaandika, kisha akauliza kama kuna mashahidi. Dada mtu akajitanda mtandio, akampeleka hadi gereji ya jirani. Mmoja wa wale arobaini na mmoja, sasa baba wa watoto wanne, alikuwa amelala chini ya lori.

"Toka huko. Huyu anataka habari za Padre."

Jamaa akatoka, akafuta grisi mikononi, akawavutia benchi. Alipoanza kusimulia, mafundi wenzake wakaacha kugonga, mmoja mmoja, wakasogea kusikiliza.