Maumivu ya Kichwa ya Verdiane

Kichwa kilianza kumuuma Verdiane msimu wa kupanda maharagwe, mwaka mmoja baada ya kujifungua mtoto aliyekufa. Hakikuwa kichwa cha homa. Kilimkamata asubuhi kabla hajainuka mkekani, kikambana nyuma ya shingo, na jua likifika juu alikuwa akilima huku jicho moja amelifumba. Usingizi ulimkimbia. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi akimenya mihogo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wanne walio hai, mkulima kama wenzake wote wa vilima vya Kibabi, na alikuwa na uchovu ambao kupumzika hakukuuondoa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sitini. Vurugu zilizowafanya watu wa eneo lao la Masisi wakimbilie msituni zilikuwa zimepoa kidogo, na mashamba yaliyoota magugu yalikuwa yakifunguliwa upya. Kila mtu alikuwa amechoka, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza Verdiane amechoshwa na nini.

Mumewe, Théogène, hakuwa msemaji tangu ujana, lakini sasa hata yale maneno yake machache yalikuwa yamekauka. Alikuwa amehamishia mkeka wake chumba cha nje, ubavuni mwa mbuzi, akisema anawalinda na wezi. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, aliinywa kuliko zamani. Shambani kila mmoja alifuata mstari wake. Jioni alipokea sahani, akala, akasema aksanti, akatoka. Hakumpiga wala hakumtukana. Laiti angemtukana, Verdiane aliwaza, angalau angejua kosa lake ni lipi.

Na kosa alidhani analijua. Uchungu wa yule mtoto wa mwisho ulimkamatia nyumbani, ukakaa naye mpaka nguvu zikamwisha, na wanaume wa kilima wakambeba kwa tipoyi, machela ya miti, kumteremsha hadi hospitali ya Kirotshe, kando ya ziwa. Mtoto alitoka amekwisha kufa. Mama aliponea chupuchupu. Aliporudi nyumbani baada ya majuma mengi, alikuta mkeka wa mumewe haupo chumbani. Alielewa, au alidhani ameelewa: Théogène alimwona sasa kama mwanamke aliyeharibika. Mama mkwe, bibi Mukagasana, alikuwa akisema uani, kwa sauti ya kusikiwa, kwamba boma linataka mwanamke mwenye nguvu za kuzaa, na kwamba kule kilima cha pili kuna msichana mwenye adabu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Verdiane hakumwambia mtu, hata padri kwenye kitubio. Alifurahi mumewe kulala nje. Akisikia hatua zake zinakaribia mlango, mwili mzima ulikakamaa. Alimtaka karibu na alimtaka mbali kwa wakati mmoja, na aliona aibu kwa yote mawili.

Alikwenda dispansari ya misioni mara kadhaa. Mwuguzi Léonard alimpa kinini, kisha aspirini, akamsikiliza kifua, akamwangalia macho. Mwishowe akamwambia kwa upole kwamba haoni ugonjwa wa kumpa dawa. Ng'ambo ya uwanja, alisema, kwenye fwaye ambako akina mama hufundishwa kushona na kulea watoto wachanga, kuna mama mmoja, Emérita, aliyesomea Bukavu kazi ya kusikiliza mambo ya nyumba za watu. Aende kumwona. Verdiane alidhani anafukuzwa kistaarabu. Aliingia fwaye kwa sababu mvua ilikuwa imeanza kunyesha na mlango ule ndio uliokuwa karibu.

Emérita alikuwa mwanamke mnene, mjane, mwenye miguu iliyovimba kwa kupanda na kushuka vilima vya watu. Naye alionekana amechoka. Alifunga mlango, akavua viatu vyake, akamwuliza mgeni mwili wake unasemaje. Verdiane akazungumzia maharagwe, jinsi mvua ilivyoyaozesha. Emérita hakumkatiza. Wakaagana. Juma lililofuata Verdiane alirudi, bila kujua hasa anarudi kwa nini, akazungumzia mama mkwe wake. Mara nyingine alizungumzia ile safari ya kwenda Kirotshe, na katikati ya sentensi sauti ikakatika, akalia mpaka kikwembe chake kikalowa kifuani. Emérita alingoja. Alipoona ametulia, ndipo akasema:

"Mama, unaogopa kufa. Hiyo haiko ya kuona haya. Mwili yako inakumbuka ile siku, na inazani itarudi."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Watu wote walimwambia amshukuru Mungu kwa kuwa amepona, na alikuwa ameshukuru sana, na kichwa kikaendelea kuuma.

Emérita alimwomba aje na mumewe. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Théogène alisema mambo ya kitanda yanaamuliwa na wazee wa ukoo, kama yanaamuliwa, na kwamba watu wa fwaye wafundishe kushona. Alisema pia kwamba hataki kuchekwa barazani. Verdiane aliliacha jambo hilo wiki nzima, akalirudisha, akakataliwa tena. Alichoka kusihi. Asubuhi moja walikuwa wakipalilia, naye akasema bila kuinua uso, jembe likiendelea, kwamba kama anamtaka yule msichana wa kilima cha pili amchukue, yeye hatapiga kelele. Lakini kwanza aje aketi naye pale fwaye, mara moja tu. Théogène aliacha kulima. Akauliza ni siku gani.

Walikwenda siku ya soko, ili watu wadhani wamekwenda sokoni. Théogène aliketi karibu na mlango, kofia magotini. Emérita aliwapa sharti moja tu: mmoja aseme, mwenzake asikilize mpaka mwisho, na kabla hajajibu arudie kwanza alichokisikia. Théogène alitabasamu kidogo, kama mtu mzima aliyeambiwa acheze mchezo wa watoto.

Verdiane alianza. Alitazama sakafu.

"Ulihama mu chumba. Nikajua sasa unanichukia, juu ya kuzala mutoto mwenye kufa."

Emérita alimgeukia mume. Théogène akasema, "Anasema mi niko mubaya."

Sivyo, Emérita alisema bila ukali, hakusema hivyo. Akamwomba Verdiane arudie, na Verdiane akarudia, sauti ikiwa chini zaidi. Safari hii Théogène alikawia kujibu. Alikuwa akiigeuza kofia mikononi.

"Anasema..." Akaiweka kofia chini. "Anasema alizani ninamuchukia."

Maneno yale, yalipotoka kinywani mwake mwenyewe, yalimfanya amtazame mkewe. Verdiane hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alitazamwa hivyo. Ikawa zamu ya Théogène. Alikataa mara mbili, akasema hana la kusema. Emérita hakumlazimisha, alikaa tu, akikanda mguu wake uliovimba. Nje akina mama walikuwa wakishusha vikapu. Mwishowe Théogène akasema, taratibu, kana kwamba kila neno analing'oa mahali:

"Siku ya tipoyi nilikuwa natembea nyuma. Damu yako ilikuwa inaanguka ku majani, na mi naikanyaga. Nikasema mu roho, ni mi namuua huyu mwanamuke. Mimba ilikuwa yangu. Sasa nikilala karibu yako, naona ile majani. Njo maana nalala kule kwa mbuzi."

Verdiane alitakiwa arudie. Alikuwa ameishi mwaka mzima na zaidi na ukuta kati yao, kumbe kila upande wa ukuta alikuwapo mtu anayeogopa kitu kile kile. Alilia, na mumewe akaangalia dirishani. Emérita aliwaacha hivyo. Baadaye Verdiane akasema, "Anasema anaogopa nitakufa." Théogène akaitikia kwa kichwa.

Hawakutoka mle wakiwa watu wapya. Walirudi nyumbani kwa njia ile ile yenye utelezi, na jioni ile Théogène alilala kule kule chumba cha nje. Emérita alikuwa amewaambia wasikimbilie kitanda; kwanza waketi pamoja baada ya kula, pombe ikiwa mbali, kila mmoja aseme jambo moja lililomlemea mchana ule. Mwanzoni yalikuwa mambo ya panya kwenye ghala. Siku nyingine walinyamaza kwa sababu walikuwa wamechoka mno. Kisha ukaja msiba wa mjomba wake Théogène. Akanywa siku mfululizo, akarudi na maneno makali kuhusu wanawake wanaopeleka siri za nyumba misioni, na Verdiane akaona yote yameharibika. Kichwa, kilichokuwa kimeanza kupoa, kikarudi kama zamani. Majuma yakapita bila wao kwenda fwaye. Aliyesema warudi alikuwa Théogène, na alilisema akiwa amempa mgongo, akifunga mbuzi.

Emérita aliwapeleka pia kwa sista mkunga, aliyewaeleza wazi kwamba Verdiane akishika mimba tena asijaribu kuzalia nyumbani, na jinsi ya kuzijua siku ambazo mwanamke hashiki mimba kwa urahisi. Si njia ya uhakika, sista hakuwaficha. Lakini hofu iliyokuwa na ukubwa wa mlima sasa walikuwa wakiibeba wawili, na wangeweza kuitaja kwa jina.

Bibi Mukagasana alipolileta tena suala la yule msichana, mwanawe alimjibu kwamba mke anaye. Alisema hayo tu. Mama hakukanyaga uani kwao mpaka mavuno, na jambo hilo lilimwumiza Théogène. Alimwambia Verdiane kwamba linamwumiza, na hilo lenyewe lilikuwa jipya.

Mwaka uliofuata Emérita alihamishiwa mbali, upande wa Walikale. Lori lilimchukua siku ambayo wao walikuwa shambani, na hawakupata kumuaga. Verdiane alihuzunika, akasema angependa kujua kama yule mama naye ana mtu wa kumsikiliza.

Alasiri moja ya masika mvua ya mawe iliwakuta wakipalilia, wakakimbia kuingia ndani, wamelowa na viuno vikiwauma. Watoto walikuwa shuleni. Mabati hawakuwa nayo. Mawe yalianguka juu ya nyasi za paa kwa sauti nzito. Théogène alitandika mkeka wake kando ya ule ambao mkewe alikuwa amejilaza, akajilaza na kuweka kiganja mgongoni mwake. Mwili wa Verdiane ulikakamaa, kama kawaida yake. Alimwambia kwamba unakakamaa. Théogène akasema anausikia, na kwamba hana haraka. Kiganja kilibaki pale pale. Baada ya muda mgongo ukalegea wenyewe, na kabla mvua haijakatika wote wawili walikuwa wamelala usingizi, wakiwa bado katika nguo zao zenye matope.