Pedi ya Mzee Pindo

Mtaani walimwita Mzee Pindo kwa sababu ya suruali. Ukimpelekea suruali ndefu akukunjie miguuni, uliporudi kuichukua hukuona uzi wala njia ya sindano. Ungeapa kitambaa kilitoka kiwandani na urefu ule. Alishona sare za shule, magauni ya harusi, hata mapazia ya ofisi, lakini jina lilibaki kwenye pindo, naye alilipenda. "Wenzangu wana vyeo," alikuwa akisema, "mimi nina pindo."

Kiharusi kilimkuta amekaa kazini, kwenye kona yake ya kushonea pale nyumbani. Mkewe alikuwa jikoni, akasikia cherehani ya umeme inanguruma mfululizo, haipumziki kama mtu anayeshona na kugeuza nguo. Alipotoka alikuta gauni la mteja limevutwa lote chini ya sindano, limekunjamana, na mumewe ameegemea ukuta, mdomo umeenda upande, mguu bado umelala juu ya kikanyagio.

Alirudi kutoka hospitali akiongea vizuri tu, tena kwa utani ule ule. Mguu ulikokota, lakini ulikwenda. Kilichogoma ni mkono wa kulia. Dada wa mazoezi, aliyekuwa akija nyumbani kumnyoosha viungo, alimpa mpira wa kufinya.

"Nimeufinya," Mzee Pindo alimwambia wiki iliyofuata. "Haya, kisha?"

"Kisha unaufinya tena, mzee."

"Nao utanipa nini?"

Dada yule alicheka, halafu akamwambia binti wa mzee pembeni kwamba vidole vinataka kazi ambayo mtu mwenyewe anaipenda, la sivyo vitajikunja na kukauka hivyo hivyo.

Binti alikuwa akikaa kaunta ya duka la dawa. Alirudi na boksi chini ya kwapa: mashine ya gemu, mpya, yenye waranti, ile dhamana ya kubadilishiwa ikiharibika, pamoja na pedi yake, kile kishikio chenye vitufe na kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba. Akaiunganisha kwenye televisheni. Gemu lenyewe lilikuwa jepesi: kibwana kimoja chenye kofia pana kinavuka madaraja ya mbao juu ya maji. Ukikisukuma sawasawa kinafika ng'ambo, ukiyumba kinatumbukia.

"Sasa mimi na utu uzima huu nicheze na katuni?" baba aliuliza.

"Si kucheza, baba. Ni kumvusha tu."

Alimvusha. Mwanzoni Kofia, maana ndivyo alivyombatiza, alizama kila alipokanyaga daraja, na mzee akimwomba radhi kwa sauti. Baadaye akaanza kufika katikati. Kidole gumba, kilichokuwa kimelala kwenye kiganja kama kitu kilichosahaulika, kikaanza kuinuka. Mkewe alipika akisikia sebuleni, "Taratibu, mwanangu, taratibu, shika kamba!" na siku Kofia alipovuka daraja refu kuliko yote, mzee aliita nyumba nzima ije ione. Jioni ile alimwomba mkewe kifungo, akakaa akikigeuzageuza kwa vidole vya kulia. Kilimponyoka mara nyingi. Hakukasirika.

Ndipo Kofia alipoanza kwenda mwenyewe.

Haikuwa kila wakati. Pedi ilikuwa sawa mzee anapoanza, ila ikishapata joto la kiganja, Kofia anajivuta kushoto, polepole, kama mlevi anayetafuta mlango, mpaka anatumbukia. Mzee Pindo alirudia. Akatumbukia tena. Alitazama kidole chake.

"Kimechoka," alisema.

Kesho yake kikachoka mapema zaidi. Mzee akaacha kuongea na Kofia. Akawa anacheza kimya, meno yameumana, jasho kwenye paji la uso, na kila kibwana kilipoanguka alikuwa anautazama mkono kama mtu anayemtazama mdeni mwongo.

Binti ndiye aliyegundua. Mzee alikuwa ameinuka kwenda msalani, pedi ameiacha mezani, haijaguswa na mtu, na pale kwenye kioo Kofia alikuwa anatembea kuelekea majini. "Baba! Njoo uone! Ni pedi!" Baba akaja akikokota mguu na fimbo yake. Alipofika, Kofia alikuwa amesimama imara, anatazama mbele, kama mwanafunzi aliyemsikia mwalimu anakuja.

"Naona," mzee alisema.

"Wallahi baba, alikuwa anakwenda peke yake."

"Sawa, mama. Nimeona."

Binti aliipeleka pedi kwenye duka alikoinunua. Dirisha la waranti lilikuwa nyuma kabisa, baada ya majokofu, na dada aliyekaa nyuma ya kioo aliipokea, akaandika namba, akasema itakwenda kukaguliwa na mafundi. Wiki zile nyumba ilikuwa kimya. Pedi iliporudi ilikuwa pedi ile ile ndani ya mfuko wa nailoni, imebandikwa karatasi: *Imekaguliwa. Ni nzima. Haina haki ya kubadilishwa.*

Mzee Pindo aliisoma karatasi ile mwenyewe, akairudisha mezani vizuri.

"Wanakosea," binti alisema.

"Mafundi wenye vyombo vyao wanakosea, ila wewe wa duka la dawa ndiye unayejua?"

"Baba, niliona kwa macho yangu!"

"Uliona unachotaka nikione." Hakupandisha sauti. "Mimi ni fundi. Nguo ikiharibika, mtu mwaminifu hasingizii sindano. Mkono umekufa. Niacheni."

Mkewe alijaribu kwa njia yake. Alimkalia karibu, akakiweka kiganja kile mapajani mwake, akavifungua vidole kimoja kimoja kwa mafuta ya moto. Mzee alimwacha amalize, halafu akauvuta mkono na kuuficha chini ya shuka. Dada wa mazoezi alikuja, akaambiwa mzee amelala. Akaja tena, akaambiwa hivyo hivyo. Mwishowe akaacha kuja.

Asubuhi moja mkewe alirudi kutoka sokoni akakuta kona ya cherehani iko wazi, sakafu ina alama nne mahali miguu ya meza iliposimama miaka yote. Mumewe alikuwa amemwita fundi mwenzake wa mtaa wa pili akaichukua.

"Umeuza bila kuniambia?"

"Ingekaa hapa ifanye nini? Initazame?"

Mkewe alichukua ufagio akafagia kona ile, ingawa ilikuwa safi. Alilia akifagia, na mumewe alimsikia, wala hakugeuka.

Mwaka ulikuwa unaelekea kuisha ujumbe ulipoingia kwenye simu ya binti. Kampuni iliyotengeneza mashine ile ilitangaza kwamba pedi zote za toleo lile zina kasoro kwenye kijiti. Wateja walete zao wapewe mpya. Binti aliusoma akiwa kaunta, akamwomba mwenzake amshikie zamu, akakimbia nyumbani. Alidhani baba atafurahi. Mzee alimwambia amsomee mara ya pili, halafu akaomba viatu.

Walikwenda wote watatu. Dada wa dirishani alikuwa yule yule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama." Mzee Pindo aliisukuma pedi kwa mkono wa kushoto chini ya kioo, na karatasi yake. "Nina swali moja tu. Aliyeipima hii na kusema ni nzima ni nani? Nataka nimwone."

Dada alitazama karatasi. Akatazama nyuma yake, kisha akashusha sauti. "Mzee wangu, nisikudanganye. Zilikuwa nyingi mno. Hakuna aliyezipima. Tuliambiwa tubandike na turudishe."

Binti alifungua mdomo ili aanze vita. Baba yake akamgusa bega.

"Ahsante kwa kuniambia," alimwambia yule dada, akapokea boksi jipya.

Walirudi nyumbani. Mzee aliketi kitandani hata viatu hajavua.

"Siku ile uliponipigia kelele nije nione," alisema, "nilidhani unanihurumia."

"Nilikuwa nakuhurumia, baba," binti alijibu. "Na ilikuwa pedi."

Dada wa mazoezi aliitwa, akaja, akavijaribu vidole kimoja baada ya kingine. Hakuwaficha. Viungo vilikuwa vimekaza. Vile vilivyokuwa vimeanza kufunguka, vilikuwa vimeachwa muda mrefu mno. Mzee Pindo alianza upya hata hivyo, na pedi mpya haikuyumba. Kofia husimama pale anaposimamishwa. Sasa mkono ule unashika kikombe, ukisaidiwa na mwenzake. Sindano haushiki. Fundi wa mtaa wa pili alikubali kuirudisha cherehani akipewa chake, lakini mzee alimwambia abaki nayo, kwani mashine isiyofanya kazi inapata kutu. Wateja wa zamani bado hupita mlangoni wakiwa na suruali mkononi. Mkewe ndiye hutoka kuwaelekeza kwa fundi wa mtaa wa pili.